Nyoka Nyumbani na Uani: Kumtoa Aliyeingia na Kumnyima Sababu ya Kurudi

Kazi yangu ni kuitwa pale mtu anapoona nyoka. Wengi, kabla hata sijavua kofia, huniuliza: nimwage nini ili wasije tena? Jibu langu huwavunja moyo, kwa sababu ni kwamba usimwage chochote. Nyoka hakuifuata nyumba yako. Amefuata panya, chura, mjusi au yai, kisha akapata pa kujificha baada ya kula. Ukimwondolea chakula na maficho, atapita na kwenda zake. Ukiviacha, unaweza kumuua huyu leo na mwingine akashika nafasi yake.

Hatua zifuatazo zina mpangilio wake, na mpangilio huo una sababu. Anayeziba matundu kabla ya kujua kilichomo ndani anaweza kumfungia nyoka chumbani.

Hatua ya 1: Nyoka yuko mbele yako sasa hivi

Simama kwanza, halafu rudi nyuma taratibu. Nyoka anaporusha kichwa kuuma, kwa kawaida hafiki mbali kuliko nusu ya urefu wake, kwa hiyo ukiwa umbali wa mita tano una nafasi ya kutosha. Swila anayetema mate ana hesabu yake: sumu yake huruka mita mbili na zaidi, naye hulenga uso. Ukimwona nyoka ameinuka na kutanua shingo, kinga macho na uongeze umbali.

Ondoa watoto na mbwa. Mtu mzima mmoja abaki kumwangalia kutoka mbali bila kumsogelea, maana kazi inayonichosha kuliko zote ni ya nyoka "aliyekuwa hapa sasa hivi".

Akiwa uani, mwachie njia. Wengi huondoka wenyewe wakiona kumetulia. Kosa la kawaida ni watu kumzunguka pande zote. Nyoka asiye na pa kukimbilia ndiye anayepigana.

Akiwa ndani, funga milango ya vyumba vingine, viringisha taulo au shuka uzibe nafasi ya chini ya kila mlango uliofungwa, kisha fungua mlango wa nje na utoke. Akiwa chumbani kusiko na mlango wa nje, mfungie humo humo, ziba chini ya mlango, na uwapigie mamlaka ya wanyamapori, zimamoto au mnasa nyoka mwenye uzoefu. Wapo wanaofundisha kumfunika nyoka mdogo kwa ndoo. Mimi sifundishi, kwa sababu anayeshika ndoo mara nyingi hajui ni nyoka gani, na udogo si dalili ya usalama: nyoka mwenye sumu huwa nayo tangu anapozaliwa au kutoka kwenye yai.

Usitegemee pia ule usemi kwamba mwenye sumu ana kichwa cha pembetatu. Koboko ana kichwa kirefu chembamba, na swila akiwa ametulia hana pembetatu yoyote. Kinyume chake, kuna nyoka wala mayai wasio na sumu kabisa wanaojifanya kifutu kwa rangi na kwa vitisho.

Kuhusu kumpiga: wengi huumwa wakiwa katika jaribio la kumuua au kumkamata. Hata aliyekufa si wa kushika kwa mkono. Kichwa kilichokatwa huweza kuuma kwa muda mrefu baadaye, na sumu bado imo.

Hatua ya 2: Je, ni mpita njia au amehamia?

Nyoka mmoja aliyekatiza uani baada ya mvua kubwa, wakati mashimo yamejaa maji, hana maana kubwa. Anayelala chini ya ngazi zako ni jambo jingine.

Tafuta gamba alilovua. Gamba zima huonyesha hadi vifuniko vya macho, kwa sababu nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na kigamba kinachopitisha mwanga. Usiogopeshwe na urefu wake, kwani gamba hutanuka wakati wa kuvuliwa na huwa refu kuliko mwenyewe.

Njia ninayoiamini zaidi ni ya majivu. Jioni, nyunyiza tabaka jembamba la majivu makavu au poda mbele ya kila tundu unalolishuku, kwenye vizingiti na kando ya ukuta. Asubuhi soma. Nyoka huacha mkanda usio na nyayo, ulionyooka au wa mawimbi. Panya huacha nyayo na mara nyingine mstari wa mkia. Mjusi huacha nyayo pande mbili za mstari wa mkia. Rudia kwa usiku kadhaa mfululizo. Wengine hutumia unga wa nafaka, na hapo nashindwa kuwaelewa: unga ni chakula cha panya, na panya ndiye mwaliko wenyewe.

Ukisoma majivu kwa makini, mara nyingi utagundua una panya kumi kabla ya kuona dalili ya nyoka mmoja. Hiyo si habari mbaya. Imekuonyesha pa kuanzia.

Hatua ya 3: Safisha ukianzia ukutani kuelekea nje

Vaa buti, suruali nzito na glavu ngumu. Fanya kazi mchana kweupe. Mkono usitangulie pale ambapo jicho halijafika. Tumia reki yenye mpini mrefu au kulabu.

Watu huanzia kwenye ua wa nje na kusogea kuelekea nyumba, na hivyo humsukuma kila kiumbe kilichojificha kuja mlangoni. Fanya kinyume chake: anzia ukutani, maliza mpakani. Kwa sababu hiyo hiyo usichome nyasi. Moto humkimbiza nyoka na panya pamoja, na sehemu ya karibu isiyowaka ni nyumba yako.

Ukiinua bati, ubao au turubai lililolala chini, shika ukingo wa upande wa mbali kwa kulabu na uuvute kuelekea kwako. Bati litasimama kati yako na kilichokuwa chini yake, naye atakuwa na njia ya kutokea upande wa pili. Ukiinua ukingo ulio karibu nawe, umemfungulia mlango miguuni pako.

Kuni, matofali na mbao za akiba zihamishie mbali na ukuta, uzipange juu ya kichanja chenye urefu wa sentimita 30 hivi kutoka ardhini, ili chini paonekane. Kata nyasi ziwe fupi. Nyasi fupi haimzuii nyoka kupita, ila humwonyesha kwako na kwa ndege wanaomwinda, naye hapendi kuonekana. Matawi yanayogusa paa yakate, pamoja na mimea inayotambaa ukutani hadi dirishani. Ukuta wa mawe wenye nyufa uzibe kwa saruji.

Rundo la mboji lina hatari ambayo wengi hawaifikirii: lina joto, na nyoka wanaotaga mayai hupenda mahali pa aina hiyo. Ligeuze kwa uma mrefu, usitie mkono, au hamishia mboji kwenye chombo kilichofungwa. Kisha tazama bomba linalovuja na taa ya nje inayowaka usiku kucha. Maji huleta vyura, mwanga huleta wadudu, wadudu huleta vyura na mijusi, na mwisho wa msururu huo unaujua.

Hatua ya 4: Panya

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu huchoka mapema.

Nafaka, chakula cha mifugo na cha mbwa viweke kwenye vyombo vigumu vyenye vifuniko. Gunia halimzuii panya. Mabaki ya chakula cha kuku yafagiwe kabla ya giza. Matunda yaliyoanguka yaokotwe. Pipa la taka lifungwe. Mashimo ya panya uani yafukue au yajaze udongo na kuushindilia, baada ya majivu kukuonyesha kwamba hakuna nyoka anayeyatumia, maana nyoka hachimbi shimo la panya, hulirithi.

Tumia mitego ya kubana, uiweke kando ya ukuta ndani ya kisanduku chenye tundu ili paka na watoto wasiifikie. Sumu ya panya naiweka mwisho kabisa. Panya aliyeila huzubaa kwa muda kabla ya kufa, na huliwa na paka wako au na bundi. Bundi huwinda panya usiku kucha bila malipo. Kumuua kwa sumu yako ni hasara tupu.

Banda la kuku linataka uangalizi wa peke yake, kwa kuwa lina mayai, vifaranga na panya kwa pamoja. Weka wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6 sehemu ya chini na kwenye madirisha, okota mayai kabla ya jioni, na usitie mkono kwenye kiota kabla ya kumulika. Kuku hula vinyoka vidogo, kweli, lakini mbele ya nyoka mkubwa yeye na vifaranga vyake ndio mlo.

Usitegemee mabadiliko wiki ile ile. Panya hupungua kwanza, nyoka hufuata.

Hatua ya 5: Ziba

Anza baada ya majivu kukaa usiku kadhaa bila alama ya nyoka. Kipimo changu ni milimita 6: ufa wowote unaozidi hapo ndani ya nyumba ni mlango. Angalia chini ya milango (funga ukanda wa mpira unaogusa sakafu), mabomba yanapopenya ukutani, matundu ya hewa, mahali paa linapokutana na ukuta, na mifereji ya maji machafu. Kwenye matundu ya hewa tumia wavu wa chuma, kwenye mabomba tumia saruji. Povu la kuzibia peke yake ni kazi bure, panya hulitafuna.

Kama una eneo la watoto kuchezea, unaweza kulizungushia uzio wa nyoka: wavu wa chuma wa milimita 6, upana wa sentimita 90, sentimita 15 za chini zikiwa zimefukiwa ardhini, na wavu ulale kuelekea nje kwa nyuzi kama 30, nguzo zikiwa upande wa ndani. Nje yake pasiwe na nyasi ndefu wala tawi la kupandia. Kuzungushia kiwanja kizima kwa namna hii ni gharama kubwa, na geti likiwa na ufa chini umepoteza kazi yote.

Vitu vya kutotumia

Naftalini (vidonge vya kufukuzia nondo), salfa, kitunguu saumu, mafuta ya taa. Nyoka hunusa kwa ulimi na ana uwezo mkubwa wa kunusa, lakini harufu hizi hazimzuii kupita. Naftalini ni sumu kwa mtoto anayeidhania peremende, na mafuta ya taa yanaharibu udongo na kisima. Vijiti vinavyotetema ardhini sivitumii pia. Mitego ya gundi na neti za plastiki zilizolala chini humnasa nyoka kweli, ila hukuachia nyoka hai, mwenye hasira, aliyekwama mahali ambapo lazima umguse.

Usiku

Taa mkononi na viatu vilivyofunika mguu, hata kama unakwenda hatua chache. Kifutu hakimbii akisikia mtu. Hulala kimya akitegemea rangi yake, ndiyo maana hukanyagwa. Lala kitandani, chandarua kikiwa kimechomekwa chini ya godoro. Kung'uta viatu vilivyolala nje.

Mtu akiumwa

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliweka tatizo hili katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Kwa hiyo kabla hujashika reki ya hatua ya 3, ulizia ni hospitali gani ya karibu yenye antivenomu, yaani dawa ya sumu ya nyoka. Si kila kituo kinayo.

Mwondoe mtu mbele ya nyoka, mlaze, mtulize. Vua pete, bangili, saa na viatu kabla uvimbe haujaanza. Mguu au mkono ulioumwa ufunge kwa ubao au kijiti ili usitikisike, kama unavyofanya mfupa ukivunjika, na abebwe badala ya kutembea. Akitapika au akizimia, mgeuze alale ubavu. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, usiweke jiwe jeusi, barafu wala umeme. Usimpe aspirini au ibuprofeni, maana baadhi ya sumu huvuruga kuganda kwa damu na dawa hizo huongeza utokaji wa damu. Usipoteze muda kumsaka nyoka. Picha ya simu iliyopigwa kutoka mbali inatosha, na ikikosekana daktari atatibu kwa dalili.

Mate ya swila yakiingia machoni, usisugue. Miminia maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 20 huku kope zikiwa wazi. Yakikosekana, maziwa yanafaa. Halafu nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua, kwa sababu kioo cha jicho huweza kuwa kimechubuka na kuambukizwa baadaye.