Kukompaili Android ya kompyuta ukiwa Mwanza: diski na swapu kwanza

Wakuu, wengi wanaotaka kukompaili (kugeuza kodi iwe mfumo unaowaka) Android-x86, yaani ile Android ya desktopu na laptopu za Intel na AMD, swali la kwanza ni prosesa gani inafaa. Mi nasema prosesa ikiwa ya kawaida kazi itachelewa tu ila itafika, kinachokwamisha ni diski, ramu na bando.

Diski tenga kama GB 300 na iwe ext4 (fomati ya diski ya Linux). Mimi nilichomeka hadidiski ya nje iliyokuwa exFAT, repo init (amri ya kuandaa folda ya kushushia kodi) ikagoma, jioni nzima hapa Nyegezi nahangaika na modemu nikijua mtandao ndo mbovu, kumbe repo inatumia simlinki (faili la njia ya mkato linaloelekeza kwenye faili jingine) na exFAT haina simlinki kabisa. Nilipofomati upya ikapita mara moja.

Ukishaweka Ubuntu ya biti 64 na git, repo, bison, flex na zip, chukua anwani ya manifesti ya projekti (orodha ya kodi zote za kushusha), tawi q-x86 (hiyo ni Android 10), halafu kwenye repo init ongeza --depth=1 ili usishushe historia yote ya kodi, hapo unaokoa bando jingi sana. Kisha:

repo sync -c --no-tags -j2

Anza usiku. Mtandao ukikata usifute kitu, tena folda ya .repo usiiguse, rudia amri ileile, zilizokwisha kushuka hazishuki tena, ile iliyokatikia njiani ndo inaanza upya. Folda ya prebuilts ndo nzito kuliko zote, ikifika hapo vumilia.

Ikimaliza, andaa mazingira, chagua aina ya kompyuta, kisha jenga ISO (faili la kuinstolia):

. build/envsetup.sh
lunch android_x86_64-userdebug
m -j4 iso_img

Sasa hapa ndo watu wengi wanakata tamaa. Asilimia zinapanda vizuri, feni inavuma, ghafla "Killed", basi mtu anaanza kutafuta kosa kwenye kodi. Fungua dmesg (ujumbe wa mfumo wa Linux), ukiona Out of memory ujue ramu imeisha na kodi haina shida. Ramu na swapu (sehemu ya diski inayosaidia ramu ikijaa) zikijumlishwa zifike angalau GB 16, mwenye ramu ya 8 aweke swapu ya 16 kwenye SSD na ashushe hadi -j2 (kazi mbili kwa wakati mmoja). Umeme ukikatika katikati nao usikutishe, washa, piga tena . build/envsetup.sh na lunch, rudia m, itaendelea na ambavyo havijajengwa. Ikilalamikia faili moja ambalo ilikuwa inaliandika umeme ulipokata, futa hilo moja tu. Naomba sana usipige make clean, utapoteza masaa yote yale.

ISO iko out/target/product/x86_64. Ijaribu kwenye QEMU (programu ya kuigiza kompyuta) kwanza, ikiwaka ndo uichome kwenye flashi kwa amri ya dd, lakini piga lsblk (amri ya kuorodhesha diski) uone jina la flashi maana dd haiulizi, ukikosea herufi moja imefuta diski yako. Zima Secure Boot kwenye BIOS, chagua Live CD, cheki Wi-Fi na sauti kabla hujainstoo.