Kila mbwa na kazi yake shambani

Shamba la familia lenye mbuzi kumi hivi, kuku wa kienyeji wanaozurura uani na ekari mbili tatu za mahindi linahitaji mbwa wawili, wakizidi sana watatu. Wakifika wanne au watano wanageuka kundi: usiku wanatoka pamoja, wanapandishana mori, na asubuhi jirani anabisha hodi na mwanakondoo aliyeraruliwa. Kwa hiyo usikimbilie wingi. Chagua vizuri, kisha kila mmoja mpe kazi inayolingana na alivyozaliwa. Mbwa wengi wanaoitwa wabaya, yule anayekula kuku, anayebwekea kila jani au anayetoroka kila siku, ni wazima kabisa. Wamepewa kazi isiyo yao.

Tabia na kazi inayozifaa

Mwenye usingizi mwepesi ndiye kengele ya boma. Mara nyingi ni jike mdogo wa kilo 12 hadi 15, wa kwanza kuinua masikio, anayependa kulala penye mwinuko. Kazi yake ni kuamsha watu na kumwamsha mwenzake, basi. Usimtegemee kupambana. Kosa kubwa ni kumweka mahali anapoona njia ya wapita njia: atabweka kutwa nzima, na watu wa nyumbani watazoea kutomsikiliza. Mweke anapoona lango na zizi tu.

Mzito ni yule asiyebweka ovyo. Mgeni akiingia anasimama kati yake na nyumba, anatazama, anangoja kauli ya mwenyewe. Huyu ndiye mlinzi wa kweli wa usiku. Watu hukosea kwa kuchagua mtoto mkali kuliko wote, bila kuangalia ukali wake unatoka wapi. Mbwa mkali kwa woga hubana mkia, hulaza masikio, hungoja umgeuzie kisogo ndipo aume. Huyo atang'ata mtoto wa jirani kabla hajamng'ata mwizi.

Wa mifugo ni mpole na mzembe kidogo kwa macho ya asiyejua. Kitu kikikimbia hakifuati. Anapenda kulala katikati ya mbuzi na huwalamba midomo. Mkimbizaji ni kinyume chake: kitu kikitikisika tu, yuko mbioni. Huyo anafaa kulinda mahindi dhidi ya tumbili na ngiri, na hafai hata siku moja kuachwa peke yake na mbuzi.

Mbwa wa kienyeji anatosha kwa kazi zote hizi. Namibia, tangu 1994, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki ili mifugo isiliwe na duma, na hivyo duma nao wasiuawe. Botswana kazi hiyohiyo inafanywa na mbwa wa kienyeji, ambao hula kidogo na wamezoea joto. Kinachoamua ni malezi.

Kupima watoto wa mbwa

Wapime wakiwa na wiki 7, asubuhi kabla hawajala, mmoja mmoja, mahali wasipopazoea. Chuchumaa hatua tano kutoka kwake, umwite kwa kupiga makofi taratibu. Kisha angusha sufuria nyuma yake. Anayeshtuka, akageuka, akaenda kuinusa ana moyo wa ulinzi. Anayejificha na kugoma kutoka baada ya dakika nzima, mwache. Mlaze chali kifuani pako kwa sekunde 30: anayepigana kidogo kisha akatulia atafundishika, anayeng'ata bila kukoma atakusumbua. Mwisho mwoneshe kuku aliye nyuma ya wavu. Anayetazama kisha akaondoka ndiye wa mbuzi. Anayekakamaa, macho hayapepesi, ni mkimbizaji.

Rudia kipimo siku tatu baadaye, maana mtoto aliyelala vibaya au mwenye minyoo hudanganya. Mtazame na mama yake pia. Mama anayeng'aka kwa woga huwafundisha wanawe woga kabla wewe hujawagusa. Na usimchukue mtoto kabla ya wiki 8. Kucheza na ndugu zake ndiko kunakomfundisha kupima nguvu ya meno yake.

Kumlea wa mbuzi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapoharibu. Akili ya mtoto wa mbwa huwa wazi kupokea marafiki tangu wiki ya 3 hadi kama ya 14. Atakaokaa nao wakati huo ndio atakaowahesabu kuwa wenzake maisha yote. Akizipitisha wiki hizo jikoni akichezewa na watoto, atakuwa mbwa wa nyumbani, na mbuzi atawaona kama mbuzi tu.

Siku anapofika, mpeleke moja kwa moja zizini. Kwenye kona jenga kizimba cha mita moja na nusu kwa moja na nusu, chenye nafasi kati ya fito ambazo yeye anapita na mbuzi mkubwa hapiti. Humo ndimo atakimbilia akipigwa pembe. Mweke na mitamba watatu hadi watano walio wapole. Usimweke na beberu wala jike aliyezaa karibuni; pigo moja baya likimpata katika umri huo atawaogopa mbuzi daima. Ale humo, anywe humo, alale humo hadi atimize wiki 16. Watoto wa nyumbani wamshike kidogo kila siku, ili akubali kukaguliwa na kufungwa kamba, lakini michezo wasimzoeze.

Kati ya mwezi wa 5 na wa 10 utakata tamaa. Mbwa aliyekuwa mpole ataanza kukimbiza wana-mbuzi, kuwavuta masikio, hata kuwatoa damu. Ni ujana, utapita ukimsimamia. Mwondoe kwa wana-mbuzi umweke na mbuzi wakubwa wasiovumilia upuuzi. Akitoka malishoni mvalishe mkanda wenye kijiti cha sentimita 40 hivi kinachoning'inia mbele ya magoti. Akitembea hakimsumbui, akikimbia kinamgonga. Akianza kukimbiza, kemea saa ileile kwa neno moja. Kumpiga nusu saa baadaye kunamfundisha kukuogopa wewe, basi. Usimwache peke yake na kundi kabla ya mwaka mmoja na nusu.

Kuku na mayai

Fundisho la kuku huanza wiki ya 9. Mfunge kamba ya mita 3, keti naye uani kuku wakipita, dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Kila anapoacha kuwatazama, mpe dagaa mmoja. Asipate nafasi ya kukimbiza hata mara moja, kwa sababu mbio zenyewe ni tamu kuliko dagaa. Na hapa kuna kosa lililozoeleka: kuku akichinjwa, utumbo na manyoya hutupiwa mbwa. Hapo umemwambia wazi kwamba kuku ni chakula. Fukia mabaki hayo.

Mwizi wa mayai ashughulikiwe kwa kuokota mayai mapema, asubuhi na saa saba mchana, na kuinua viota mita moja na robo kutoka ardhini. Ile desturi ya kumtia yai la moto mdomoni inamuunguza tu, haimponyi tabia.

Nyani

Usimtume mbwa mmoja kwa nyani. Dume la nyani lina meno marefu kuliko ya mbwa, na kundi likimzunguka linampasua. Watoke mbwa wawili, na mtu afuatane nao. Wafundishe kugeuka wakiitwa: waite kwa filimbi kila saa ya chakula, kwa miezi miwili, kabla hujawapeleka ukingoni mwa shamba. Mkimbizaji asiyeitika filimbi ataishia kuvuka mpaka wa hifadhi, na kuanzia hapo anakuwa mwindaji haramu mbele ya askari wa wanyamapori.

Mnyororo, banda na chakula

Kumfunga mbwa kutwa na kumfungua usiku kunazaa mbwa mwenye hasira asiyemjua jirani wala mgeni wa heshima. Ikibidi kumfunga, tandaza waya wa mita 10 chini kati ya nguzo mbili na mnyororo uteleze juu yake, penye kivuli na maji. Familia za Kiislamu, hasa pwani wanakofuata madhehebu ya Shafii, hufuga mbwa kwa ulinzi na mifugo huku mate yake yakihesabiwa najisi. Basi banda liwe mbali na mlango, sahani yake iwe yake peke yake, na njia yake isipite penye kuswalia.

Mbwa wa kilo 18 anayefanya kazi anahitaji kwa siku ugali wa gramu 200 hadi 250 za unga, pamoja na gramu 80 hadi 100 za dagaa wakavu, kwa milo miwili. Ugali mtupu humfanya mwizi, kwa kuwa mwili unadai protini. Unga ulioota ukungu usimpe kamwe, sumukuvu huua ini la mbwa haraka. Mifupa iliyopikwa ya kuku nayo hukatika vipande vyenye ncha, ikatoboa utumbo.

Kichwa cha mbuzi au kondoo aliyekufa akizunguka-zunguka kama mlevi kichomwe au kifukiwe kirefu. Ugonjwa huo, Wamaasai wanauita ormilo, ni malengelenge ya minyoo ya tegu ndani ya ubongo. Mbwa akila ubongo huo anapata tegu, anaacha mayai malishoni, na kundi lako linaumwa upya. Panapochinjwa nyumbani, mpe dawa ya prazikwanteli kila wiki 6. Kwingine kila miezi mitatu. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo ya kawaida kila wiki mbili hadi wiki ya 12.

Tabia ikibadilika ghafla

Kujua tabia ya kila mbwa kunalipa hasa hapa. Mpole akianza kung'ata fito, au mkali akajilaza gizani na kutoa mate bila kumeza, fikiria kichaa cha mbwa kwanza. Wachanjwe wote wakiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka; karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, halmashauri nyingi huchanja bure. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Mbwa aliyeng'ata, kama anaweza kufungiwa kwa usalama, atazamwe siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi kwenye mate alipong'ata.

Mbwa wa shamba huanza kupungua nguvu akifika miaka 8. Mlete mrithi wakati yule mzee ana miaka 6 au 7; mrithi awe wa jinsia tofauti ili wasigombane, na dume ahasiwe. Mtoto akilala zizini na mzee kwa mwaka mmoja hujifunza lini kubweka na lini kunyamaza upesi kuliko utakavyomfundisha wewe.