Pamba hii imetoka kipande kipi?

Muulize mkulima wa Meatu au Maswa amevuna pamba kiasi gani, atakutajia kilo zilizo kwenye stakabadhi ya AMCOS, chama cha ushirika anakouzia. Muulize zimetoka upande gani wa shamba, atacheka. Zote zilishamwagwa kwenye rundo moja.

Marekani na Australia, mashine za kuvunia pamba hufungwa vihisi vinavyokadiria pamba inayopita, huku GPS ikirekodi mashine ilipo. Mwenye shamba anapata ramani ya mavuno. Ila vihisi vikishika vumbi vinadanganya, na ramani haiaminiki mpaka shehena kadhaa zipimwe kwenye mizani. Sisi tunaochuma kwa mikono tuanzie hapo hapo kwenye mizani.

Ekari ya hatua 70 kwa 70 igawe vipande vinne vya hatua 35 kwa 35, uchomeke vigingi pembeni. Udongo ukibadilika katikati, fuata udongo: luseni, yaani udongo wa kichanga, isikae kipande kimoja na mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi. Vipande vikizidiana, zidisha urefu kwa upana kwa hatua, ugawe kwa 4,900. Utapata ni sehemu gani ya ekari.

Mizani ijaribiwe kwanza. Ning'iniza ndoo tupu, soma, kisha tia lita 20 za maji. Mshale uongezeke kilo 20. Chuma umande ukishakauka, maana unyevu nao una uzito. Kila mchumo, pima pamba ya kila kipande peke yake, safi na fifi (ile ya daraja la pili), uandike daftarini kabla haijachanganywa. Mifuko ya salfeti usitumie, nyuzi zake zinachafua pamba.

Tuseme michumo yote imetoa kilo 95, 88, 80 na 37. Jumla ni kilo 300, na jumla hiyo haikwambii lolote kuhusu kipande cha nne. Wengi hapo hukimbilia samadi. Ngoja kwanza! Kabla hujang'oa mashina, rudi ukahesabu. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 30, mstari wa mita 6 unatakiwa uwe na mashimo kama 20. Ukikuta 11, shida yako ni mapengo, na samadi haizibi pengo. Ukikuta miti mirefu, majani tele, vitumba vya kuhesabu, huenda palikuwa zizi zamani: naitrojeni imezidi. Kipande cha namna hii ndicho wapita njia hukisifia mwezi wa pili, nami nimewahi kukisifia.

Msimu mmoja usikuhukumie kipande. Mvua ikizidi, mbuga inatuamisha maji. Ikikatika, luseni inakauka mapema. Weka daftari misimu mitatu.

Ukibaki na shaka kwamba rutuba imepungua, weka samadi nusu ya kipande tu, nusu nyingine iache kama ilivyo, na msimu wa kuchuma upime kila nusu kwa mfuko wake.