Jinsi ya kuoanisha mkono na katriji kwenye pleya ya zamani ya santuri

Mtu akipata pleya kama Garrard 301 au Thorens TD 124, macho humkimbilia mkono unaong'aa. Wewe anza na katriji, kile kijisanduku cha mbele ya mkono kinachoshika sindano. Mkono na sindano ni kama mzigo juu ya springi: springi laini hutaka mzigo mwepesi, ngumu hutaka mzito. Ukikosea hapo, hata mkono wa bei kubwa hautatulia.

Hatua ya 1: Kusanya namba tatu
Unahitaji uzito wa katriji, ulaini wa sindano yake (namba ya jinsi inavyosukumika kwa urahisi), na uzito tendaji wa mkono, yaani ule ambao sindano inausikia inapousukuma mkono. Huo si uzito wa kwenye mizani. Angalia pia ulaini umepimwa vipi. Katriji nyingi za Japani hupimwa kwa Hezi 100 (mitikisiko 100 kwa sekunde), na hesabu yetu inataka Hezi 10, kwa hiyo zidisha kwa 1.5 hadi 2. Katriji ya Denon DL-103 huandikwa ulaini wa 5. Mimi huichukulia kuwa 10.

Hatua ya 2: Piga hesabu
Jumlisha gramu za mkono, katriji na skrubu zake. Zidisha kwa ulaini, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 159 kwa jibu hilo. Unachopata ni kasi ambayo mkono na katriji hutikisika vyenyewe, na lengo ni Hezi 8 hadi 12. Ikishuka sana, kila santuri iliyopinda itautikisa mkono, na utaona koni ya spika ikipwita bila sauti. Ikipanda sana, mtikisiko unasogelea besi ya muziki wenyewe.

Tuijaribu DL-103, yenye gramu 8.5, kwenye mkono wa gramu 12, na skrubu za gramu 1. Jumla ni 21.5, mara 10 ni 215, kipeuo ni 14.7. Jibu: Hezi 10.8. Safi kabisa. Sasa weka katriji ya gramu 6 yenye ulaini wa 25 kwenye mkono uleule: Hezi 7.3. Hiyo itafutie mkono mwepesi, wa gramu 6 au 7.

Hatua ya 3: Kagua beringi
Mikono ya zamani huchoka hapa. Shika kichwa cha mkono kwa vidole viwili, usukume taratibu mbele na nyuma. Ukisikia mgongano mdogo, beringi imelegea. Kisha usawazishe mkono uelee, uupulize kidogo. Unapaswa kwenda na kutulia wenyewe. Ukikwama mahali palepale kila mara, uache.

Hatua ya 4: Pima nafasi
Umbali kutoka kitovu cha msumari wa katikati hadi egemeo la mkono hutofautiana: mkono wa Rega ni milimita 222, wa Technics SL-1200 ni 215. Niliwahi kuharibu ubao mzuri wa mti mgumu wa kufungia mkono kwa kupima kutoka ukingoni mwa msumari. Msumari una unene wa milimita 7 hivi, kwa hiyo tundu lilikaa kando kwa milimita 3 na nusu, na katriji haikuweza kusogezwa kiasi hicho. Kwa mkono wa inchi 12, hakikisha kwanza mfuniko utafungika.

Hatua ya 5: Funga na usikilize
Weka mgandamizo wa sindano kwa mizani ndogo, mkono ukiwa sambamba na santuri. Kisha cheza wimbo wa mwisho wa upande, karibu na lebo, usikilize herufi "s" za mwimbaji. Zikikwaruza, kagua pembe ya katriji kabla ya kuulaumu mkono.