Kuiachia Ubuntu ifagie kerneli zake za zamani

Sasisho la kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa vya kompyuta, linapoingia kwenye mifumo ya Linux kama Ubuntu au Debian, kerneli mpya haifuti ile iliyotangulia, bali huwekwa kando yake. Ndivyo ilivyokusudiwa, kwa sababu kerneli mpya ikikataa kuwaka, au ikaigomea kadi ya WiFi, mwenye kompyuta hurudi kwenye ile ya awali kupitia menyu ya GRUB, programu inayouanzisha mfumo kompyuta inapowaka, na kuendelea na kazi yake. Shida huanza pale kerneli za jana, za juzi na za mwaka juzi zinapobaki zote mahali pamoja, hasa kwenye kompyuta ambayo folda ya /boot imetengewa sehemu yake ndogo ya diski, jambo la kawaida kwa waliochagua kuifunga diski nzima kwa nywila wakati wa kusakinisha.

Kerneli moja huacha mafaili manne ndani ya /boot: vmlinuz, ambayo ndiyo kerneli yenyewe, initrd.img, System.map na config. Mlaji mkubwa kati ya hayo ni initrd.img, faili linalobeba draiva zinazohitajika mwanzoni kabisa mwa kuwaka, kwani lina uzito wa makumi ya MB na wakati mwingine huzidi MB 100. Nje ya /boot kuna moduli, yaani vipande vya kerneli vinavyopakiwa vinapohitajika, zilizo chini ya /lib/modules, na kwa mwenye kusakinisha vifurushi vya linux-headers kuna folda nyingine tena katika /usr/src. Kwa hiyo kerneli tano zilizosahauliwa si jambo dogo.

Kabla ya kubadili chochote, inafaa kujua hali ilivyo. Amri tatu zinatosha:

uname -r
df -h /boot
dpkg -l 'linux-image-[0-9]*'

Ya kwanza hutaja kerneli inayotumika sasa hivi. Jina hilo liandikwe kwenye karatasi, maana ndilo lisiloguswa. Ya pili huonyesha nafasi iliyobaki. Ya tatu huorodhesha vifurushi vya kerneli, na mwanzoni mwa kila mstari kuna herufi mbili zinazostahili kusomwa kwa makini. Herufi ii humaanisha kifurushi kimesakinishwa kikakamilika. Herufi rc humaanisha kifurushi kimeshaondolewa ila mafaili yake ya mipangilio yamebaki. Hayo ni mabaki mepesi yasiyojaza diski, na wengi huhangaika nayo bure. Herufi iF au iU ni dalili kwamba usakinishaji ulikwama njiani, mara nyingi kwa sababu /boot ilijaa.

Programu ya apt, inayosakinisha na kuondoa vifurushi, tayari ina kanuni yake ya kufagia. Amri ya apt autoremove inapotekelezwa, haigusi kerneli inayotumika wala zile mbili zilizo mpya zaidi kati ya zilizosakinishwa. Nyingine zote huhesabiwa kuwa za kuondolewa, mradi tu ziwe zimewekewa alama ya kwamba ziliingia zenyewe kama tegemezi, yaani kwa kuhitajika na kifurushi kingine. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowakwamisha watu wengi.

Kwa kawaida mtumiaji hasakinishi kerneli kwa jina la toleo. Anachokuwa nacho ni kifurushi kiitwacho linux-generic, au linux-image-amd64 kwa upande wa Debian, ambacho ndani yake hakina kerneli yoyote. Kazi yake ni kutegemea kerneli ya karibuni kabisa, kwa hiyo kila kinapopanda toleo huivuta kerneli mpya, na ile iliyovutwa huandikwa kwenye daftari la apt kuwa imeletwa na kifurushi kingine. Kerneli ya zamani ikishapoteza aliyeitegemea, huwa halali ya ufagio. Lakini mtu akiandika mwenyewe apt install na kutaja kerneli kwa toleo lake kamili, apt huelewa kwamba ameitaka kwa hiari yake, huiwekea alama ya mkono, na haitaiondoa kamwe bila kuambiwa.

Hilo nililijua kwa kuumia. Seva moja niliyokuwa nikiitunza ilikuwa na kerneli 11, na kila nilipoiamuru autoremove ilijibu kwamba hakuna cha kuondoa. Niliilaumu apt kwa siku mbili nzima, hadi nilipogundua kwamba mimi mwenyewe, kwa kutaka kuwa mwangalifu, nilikuwa nikisakinisha kila kerneli kwa jina lake. Amri iliyonifumbua macho ni hii:

apt-mark showmanual | grep '^linux-'

Katika mfumo ulio sawa, majibu huwa ni majina machache yasiyo na toleo la kerneli ndani yake, kama linux-generic, linux-firmware au linux-generic-hwe-22.04. Likionekana jina kama linux-image-5.15.0-91-generic, hapo ndipo penye kasoro. Alama hurekebishwa hivi, sudo ikiwa ni neno linaloipa amri mamlaka ya msimamizi:

sudo apt-mark auto linux-image-5.15.0-91-generic linux-modules-5.15.0-91-generic

Yakiwa mengi, yote yanaweza kukusanywa kwa pamoja:

sudo apt-mark auto $(apt-mark showmanual | grep -E '^linux-[a-z-]+[0-9]+\.[0-9]+\.[0-9]+')

Kabla ya kutekeleza mstari huo, thibitisha kwamba linux-generic au ndugu yake bado amesakinishwa. Asipokuwepo, mfumo hautapokea kerneli mpya hata siku moja, na masasisho ya usalama ya kerneli yatakuwa yanakupita bila taarifa yoyote. Baada ya hapo jaribu ufagio bila kufagia:

apt autoremove --purge --dry-run

Soma orodha yote, wala usiishie kwenye idadi iliyo chini. Ukiona vifurushi visivyohusiana na kerneli, kwa mfano sehemu za programu unayoitumia kila siku, simama kwanza uvichunguze. Orodha ikiridhisha, rudia amri kwa sudo na bila --dry-run.

Sasa kazi hii ikabidhiwe mfumo wenyewe. Kwenye Ubuntu anayehusika ni unattended-upgrades, programu inayosakinisha masasisho yenyewe, ambaye huamshwa kila siku na apt-daily-upgrade.timer. Faili la /etc/apt/apt.conf.d/20auto-upgrades linapaswa kuwa na mistari hii miwili:

APT::Periodic::Update-Package-Lists "1";
APT::Periodic::Unattended-Upgrade "1";

Mipangilio ya kuondoa imo ndani ya 50unattended-upgrades, na mara nyingi mistari yake hutanguliwa na mikwaju miwili (//), yaani haisomwi. Katika matoleo ya karibuni kerneli zisizohitajika huondolewa hata mistari hiyo ikiwa imefungwa hivyo, lakini mimi hupendelea kuiandika waziwazi ili atakayenirithi asihitaji kubahatisha. Usilihariri faili hilo moja kwa moja, kwa sababu sasisho lijalo la kifurushi litakusimamisha na kukuuliza kama libaki la kwako au liingie la kwao. Andika faili lako mwenyewe, kwa mfano /etc/apt/apt.conf.d/52unattended-upgrades-local, na humo uweke:

Unattended-Upgrade::Remove-Unused-Kernel-Packages "true";
Unattended-Upgrade::Remove-New-Unused-Dependencies "true";
Unattended-Upgrade::Remove-Unused-Dependencies "false";

Mstari wa kwanza unahusu kerneli tu. Wa pili unahusu tegemezi zilizoachwa yatima na sasisho la wakati huohuo. Wa tatu nimeuacha kuwa "false" kwa makusudi, kwani ukiuwezesha, mfumo utaondoa kila tegemezi lisilo na mwenyewe, yakiwemo yale ya zamani ambayo huenda bado unayatumia bila apt kujua. Hakikisha mipangilio imesomwa, kisha fanya jaribio:

apt-config dump | grep Unattended-Upgrade::Remove
sudo unattended-upgrade --dry-run --debug

Siku chache baadaye fungua /var/log/unattended-upgrades/unattended-upgrades.log uone kilichoondolewa. Kumbuka pia kwamba kerneli inayotumika hulindwa hata iwe ya zamani kiasi gani; seva isiyozimwa kwa miezi mingi itaendelea kuing'ang'ania hadi iwashwe upya. Faili la /var/run/reboot-required likiwepo, ujue mfumo unasubiri kuwashwa upya.

Wapo wenye sababu nzuri ya kubakiza kerneli fulani. Mtu mwenye kadi ya NVIDIA, au anayetumia VirtualBox, moduli zake hujengwa upya kwa kila kerneli mpya, na mara mojamoja ujenzi huo hushindikana. Huyo na aichague kerneli iliyothibitika kufanya kazi, aiwekee ile ile alama ya mkono iliyonisumbua mimi:

sudo apt-mark manual linux-image-5.15.0-91-generic linux-modules-extra-5.15.0-91-generic

Kifurushi cha linux-modules-extra kimetajwa kwa sababu draiva nyingi zimo humo, na kikifagiwa peke yake, kerneli itawaka vizuri lakini kifaa fulani kitakuwa kimya.

Imebaki hali ya dharura: /boot imefika asilimia 100, apt inalalamika kwamba hakuna nafasi, na autoremove nayo inakataa kwa kuwa kuna kifurushi kilichokwama nusu. Hapa kishawishi kikubwa ni kuingia /boot na kuyafuta mafaili kwa rm. Usifanye hivyo. Kwa dpkg, chombo ambacho apt hukitumia chini kwa chini, kifurushi kitahesabiwa kuwa bado kipo, initrd uliyoifuta inaweza kutengenezwa tena katika sasisho lijalo na kuijaza diski upya, na kerneli iliyofutwa kwa bahati mbaya inaweza kuwa ndiyo pekee iliyokuwa nzima. Badala yake, tazama orodha ya dpkg, chagua kerneli kongwe kuliko zote ambayo si ile ya uname -r, kisha uiondoe kwa dpkg:

sudo dpkg --purge linux-image-5.15.0-76-generic linux-modules-5.15.0-76-generic linux-modules-extra-5.15.0-76-generic

Vifurushi vya kerneli moja vitajwe pamoja, kwani vinategemeana, na kikitajwa kimoja pekee dpkg inaweza kugoma. Likitokea dirisha linalouliza kama usitishe uondoaji wa kerneli, basi umetaja ile inayotumika; kubali kusitisha na urudi kusoma lile jina uliloandika kwenye karatasi. Nafasi ikishapatikana, malizia kilichokwama na ufagie:

sudo apt --fix-broken install
sudo apt autoremove --purge
df -h /boot

Kama /boot ni ndogo kiasi kwamba hata kerneli tatu zinaijaza, mstari wa MODULES=most ulio ndani ya /etc/initramfs-tools/initramfs.conf unaweza kugeuzwa kuwa MODULES=dep, kisha ukatekeleza sudo update-initramfs -u -k all. Initrd itabeba draiva za kompyuta hiyo tu na itapungua sana, ila diski hiyo ukiihamishia kwenye kompyuta nyingine huenda isiwake.

Wenzetu wa Fedora wana kazi nyepesi zaidi: wana mpangilio wa installonly_limit, unaoweza kubadilishwa ndani ya /etc/dnf/dnf.conf, ambao kwa kawaida ni 3, na dnf, programu yao ya vifurushi, huiondoa kerneli kongwe kila mpya inapoingia. Kwenye openSUSE mpangilio wenyewe ni multiversion.kernels katika /etc/zypp/zypp.conf, na ufagio hupita baada ya kompyuta kuwashwa upya.

Kwa vyovyote vile, ukishamaliza, iwashe kompyuta ukiwa umeshikilia Shift, au ukibonyeza Esc kwa zile za UEFI (mfumo wa kuwashia uliochukua nafasi ya BIOS), ufungue menyu ya GRUB na uone kwa macho yako kwamba kerneli ya akiba imo. Ichague, iache iwake mpaka mwisho, kisha rudi kwenye ile mpya.