Jinsi ya kumpa ndugu idhini ya kuuza kwa niaba yako mali iliyo nchi nyingine

Una nyumba au kiwanja nchi usiyoishi, mnunuzi amepatikana, na wewe huwezi kusafiri. Unachohitaji ni hati ya uwakilishi, yaani maandishi yanayompa ndugu yako mamlaka ya kutenda kwa niaba yako. Kazi yangu ni kuandaa na kuthibitisha hati hizi. Wengi wanaokuja mezani kwangu huulizia muhuri kabla ya maneno. Tuanze na maneno.

Hatua ya 1: Mpate wakili wa kule

Uuzaji wa ardhi hufuata sheria za nchi ardhi ilipo, si za nchi unayoishi. Mwombe wakili wa huko akutumie rasimu inayokubalika kwao. Fomu ya kupakua mtandaoni inaweza kuwa nzuri kabisa na bado ikakataliwa kwa msajili wa ardhi. Muulize pia kama hati itasajiliwa, kama ridhaa ya mwenzi wako wa ndoa inahitajika, na lazima iwe kwa lugha gani.

Hatua ya 2: Chagua mtu

Awe na kitambulisho halali, awe anapatikana, na awe na subira ya foleni. Asiwe mnunuzi wala mshirika wa mnunuzi. Binamu anayewajua madalali wote wa mji si lazima ndiye anayefaa.

Hatua ya 3: Bana mamlaka

Hapa usione haya. Hati ya jumla, ile inayosema ndugu yako anaweza kufanya lolote kuhusu mali zako zote, usiitoe kwa ajili ya mauzo ya mali moja. Toa hati maalumu. Itaje mali kwa nambari ya hati miliki na mahali ilipo, kisha orodhesha anachoruhusiwa: kusaini mkataba wa mauzo, kusaini hati ya uhamisho, kulipa kodi na ada, kukabidhi funguo.

Kifungu cha bei na malipo ndicho ninachokikazania zaidi. Kinaweza kusomeka hivi: “Auze kwa bei isiyopungua kiasi nilichotaja, na malipo yote, pamoja na malipo ya awali, yaingizwe moja kwa moja katika akaunti iliyo kwa jina langu. Mwakilishi haruhusiwi kupokea fedha taslimu.” Kama sheria za fedha za kule hazikuruhusu kuwa na akaunti, taja akaunti ya wateja ya wakili wako. Ndugu akinung'unika kwamba humwamini, mwambie kifungu hiki kinamlinda yeye pia: hakuna atakayekuja kumuuliza pesa zilienda wapi.

Ongeza mengine matatu: asijiuzie yeye mwenyewe, asimkabidhi mtu mwingine mamlaka haya, na hati iwe na tarehe ya mwisho.

Hatua ya 4: Linganisha majina

Weka pasipoti yako kando ya hati miliki, usome herufi kwa herufi. Jina la ndoa, jina la babu lililoachwa, herufi moja iliyozidi: vyote vinaweza kusimamisha mauzo. Zikitofautiana, andaa kiapo cha kuthibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na kisafiri pamoja na hati.

Hatua ya 5: Saini mbele ya mthibitishaji

Mthibitishaji ni ofisa au wakili aliyeruhusiwa na sheria kushuhudia na kuthibitisha saini. Usisaini nyumbani. Nenda na pasipoti halisi, saini mbele yake, na weka saini ndogo, yaani herufi za mwanzo za majina yako, kila ukurasa.

Hatua ya 6: Hati itambulike nchi ya pili

Kama nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa The Hague wa 5 Oktoba 1961 na unatumika kati yao, hati hupewa apostili, cheti chenye vipengele 10 vilivyopewa nambari na kichwa cha Kifaransa. Hutolewa na mamlaka iliyoteuliwa na nchi ulikosainia. Apostili huthibitisha saini, cheo cha aliyesaini na muhuri tu. Haisemi kwamba yaliyomo ni sahihi, kwa hiyo kosa la hatua ya 3 halitibiwi hapa.

Kama nchi mojawapo haimo, njia huwa ndefu: mthibitishaji, kisha kwa kawaida wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi yenye mali. Mara nyingi unaweza pia kusaini moja kwa moja katika ubalozi huo. Nyaraka zinazotolewa na maofisa wa ubalozi haziingii katika mkataba huo, kwa hiyo usizitafutie apostili.

Hatua ya 7: Tafsiri na kutuma

Tafsiri ifanywe na mtafsiri anayetambuliwa kule, na ni salama ifanyike baada ya apostili ili nayo itafsiriwe. Tuma hati halisi kwa huduma ya vifurushi inayofuatiliwa, ubaki na nakala.

Hatua ya 8: Funga hati

Mauzo yakikamilika, dai nakala za mkataba, uhamisho na risiti za kodi. Kisha ifute hati kwa maandishi, hata kama muda wake haujaisha, na uwaarifu ndugu yako, wakili, msajili na benki. Katika nchi nyingi, mtu anayeshughulika na mwakilishi kwa nia njema bila kujua kwamba idhini imefutwa hulindwa na sheria, na hasara inabaki kwako.