Gia ya tano: iingize lini, itoe lini

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipokea usukani tukitoka Ilula, Hilux imejaa matenga ya nyanya. Tulipoingia Mikumi, kwenye kipande cha hifadhi ambapo lazima upunguze mwendo, nikasikia gari linatetemeka mpaka dashibodi inalia. Kutazama, yuko kwenye tano kwa spidi 45, mshale wa mizunguko ya injini uko 1,150 na mguu umezama kwenye mafuta. Nikamwambia arudi tatu.

"Mjomba, si wewe uliyesema tano inakula mafuta kidogo?"

Nilisema, ila sikumweleza kwa nini. Namweleza hapa, na wengine mnaojifunza gari la gia msome.

Mimi nilielewa siku fundi alipoishusha giaboksi yangu Morogoro. Aliiweka mezani, akachora chaki kwenye shafti ya mbele inayotoka kwenye klachi, akachora nyingine kwenye shafti ya nyuma inayokwenda kwenye propela (ile shafti ndefu inayopeleka mzunguko magurudumu ya nyuma), akaniambia nizungushe kwa mkono. Gia ya kwanza: nilizungusha karibu mara 4 ndipo chaki ya nyuma ikamaliza mzunguko mmoja. Ya nne: chaki zote mbili zikaenda sawasawa, kwa sababu kwenye giaboksi hii ya nne inaziunganisha shafti hizo moja kwa moja. Ya tano: nikazungusha mara 10, ya nyuma ikazunguka karibu 12.

Hiyo ndiyo ovadraivu. Propela inazunguka haraka kuliko injini. Kwenye gia za chini, gia ndogo ya shafti ya chini (shafti ya kati inayopokea mzunguko kutoka ile ya mbele) inaisukuma kubwa iliyo juu. Kwenye ya tano ni kinyume, kubwa ndiyo inayoisukuma ndogo. Kwa Hilux yangu uwiano ni 0.85, yaani injini inazunguka mara 0.85 propela ikizunguka mara moja. Kwa difu yangu ya 4.1 (propela inazunguka mara 4.1 magurudumu yakizunguka mara moja) na matairi ya 225/75 R15, nikiwa spidi 80 kwenye nne injini inazunguka kama mara 2,400 kwa dakika. Nikiingiza tano inashuka mpaka kama 2,050, na spidi ni ile ile. Kelele inapungua na mafuta yanashuka taratibu. Lakini propela nayo inapata asilimia 85 tu ya nguvu ya kusokota inayotoka kwenye injini, ndiyo maana tano haivuti. (Gari dogo la kuvuta mbele linaweza kuwa na hesabu tofauti, hata ya nne ikawa chini ya 1.)

Basi fanya hivi. Kwenye nne, acha gari lichanganye mpaka 70 au zaidi, barabara iwe tambarare kama ile ya Chalinze kwenda Morogoro, ndipo uingize tano. Kisha gusa mafuta kidogo. Likiitikia, kaa hapo. Ukikanyaga lisipoongeza mwendo, au ukasikia mtetemo kwenye usukani na sakafu, rudi nne bila kubishana nalo. Kukandamiza mafuta kwenye mizunguko 1,150 hakuokoi chochote: injini inamwagiwa mafuta isiyoweza kuyageuza kuwa mwendo, na beringi zake zinabeba mzigo mzito wakati pampu ya oili inazunguka polepole. Kwa spidi 45 ile, tatu ingempa kama 1,900, na gari lingetulia.

Kama unataka kulipita lori, rudi nne ukiwa bado nyuma yake, kabla hujatoka upande wako.

Mteremko mkali wa Kitonga nilikuwa nimeuteremka mwenyewe, kabla mpwa wangu hajanipokea. Pale usishuke na tano, ninakuomba. Kwenye ovadraivu injini karibu haizuii gari kabisa, kwa hiyo uzito wote unabaki kwenye breki, zinachemka, halafu unakanyaga pedali hakuna kitu. Gia ambayo ungepandia mlima ndiyo uteremkie, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Nikiwa na nyanya naanza na pili.

Jambo la mwisho ni lile lililonipeleka kwa fundi. Gari lilikuwa linapiga mluzi kwenye tano tu, nne kimya. Kwenye giaboksi nyingi za namna hii gia ya tano imekaa mkiani, na oili ikipungua hiyo ndiyo inayokauka kwanza. Sili yangu ya nyuma ilikuwa inavuja miezi na miezi, sikuinama kutazama. Meno ya tano yalikuwa yameungua, yamegeuka rangi ya bluu. Siku hizi, kila ninapobadilisha oili ya injini, naweka gari mahali tambarare, nafungua boliti ya kujazia iliyo ubavuni mwa giaboksi, naingiza ncha ya kidole. Oili inatakiwa iwe usawa wa mdomo wa tundu. Kidole kikitoka kikavu, naongeza mpaka ianze kuchuruzika nje, ndipo nafunga.